Mtu mzima aizuruje Pwani? Afuate maji na pepo, hoteli baadaye

KILA ifikapo Desemba, na tena wakati wa Pasaka, maelfu ya Wakenya kutoka bara huteremka katika kituo cha reli cha Miritini, Mombasa, wakiwa na mizigo na hamu kubwa ya kuiona bahari. Baada ya siku nne au tano hurejea makwao wakiwa na picha nyingi za kidimbwi cha kuogelea, ngozi iliyobabuka kwa jua na deni la kulipa mwezi wa Januari. Ukiwauliza waliona nini, watakujibu kwamba waliona bahari. Wachache watakueleza iwapo walipoiona ilikuwa ikijaa au ikipwa.

Kwa vijana, likizo ya namna hiyo haina hasara kubwa, kwani miaka bado wanayo. Kwa mtu aliyekwisha kulea, aliyestaafu au aliyejinyima mwaka mzima ili yeye na mwenzake wapate wiki moja ya mapumziko, hasara ni ya kweli. Pwani ya Kenya, kuanzia Vanga mpakani mwa Tanzania hadi visiwa vya Lamu na kuendelea hadi mpaka wa Somalia, ina urefu wa takriban kilomita 600. Ndani yake mna miji ya kale, misitu mitakatifu, hifadhi za bahari na maandalizi ya vyakula ambayo hayapatikani kwingine nchini. Haya yote yana wakati wake, na anayepanga safari kwa kutazama bei ya chumba peke yake huukosa wakati huo.

Makala haya yanakusudia kumpa msafiri mtu mzima mwongozo wa kuizuru Pwani kwa utulivu. Nguzo yake ni moja: kwanza jua pepo, kisha jua maji, halafu ndipo uchague mahali pa kulala.

KALENDA YA PEPO

Wenyeji wa Pwani tangu jadi wanaugawa mwaka kwa pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Machi. Hizi ndizo pepo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kwa karne nyingi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndizo zilizoyarudisha majahazi hayo makwao. Baina ya pepo hizo mbili kuna majira mafupi ya maleleji, wakati upepo hauna mwelekeo maalumu.

Msafiri atafaidika nini na elimu hii? Kwanza, wakati wa kaskazi bahari huwa shwari zaidi na maji huwa maangavu. Anayetaka kutazama matumbawe na samaki chini ya maji achague miezi hii. Hata hivyo, Januari hadi Machi ndiyo miezi yenye joto kali kuliko mingine, na wiki ya mwisho wa Desemba ndiyo yenye bei za juu kabisa.

Pili, mvua za masika hunyesha kuanzia Aprili na aghalabu huzidi mwezi wa Mei. Baadhi ya hoteli hufungwa wakati huo kwa ukarabati. Zile zinazobaki wazi hupunguza bei, na kwa mtu ambaye haja yake ni kusoma, kulala na kusikiliza mvua ikipiga makuti, huo si wakati mbaya.

Tatu, kuanzia Julai hadi Septemba kusi huwa imekomaa. Hewa ni baridi kidogo, mbu si wengi kama wakati wa masika, lakini bahari huchafuka na mwani hurundikana ufuoni. Msafiri asilalamike kwamba ufuo ni mchafu. Mwani ni mmea wa bahari, hulinda mchanga usichukuliwe na mawimbi. Ni majira hayo hayo ambapo nyangumi hupita karibu na pwani yetu wakitoka kusini baridini kuja kuzaa, na mashua za Watamu huenda kuwatafuta nje ya mwamba.

Kwa anayeweza kuchagua, nusu ya pili ya Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, na vilevile Februari hadi katikati ya Machi, ni nyakati zinazomfaa mtu mzima. Shule huwa kwa kawaida hazijafungwa, umati umepungua na bei zimeshuka.

SAA YA MAJI

Jambo la pili ndilo linalopuuzwa zaidi. Bahari ya Hindi kwenye pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kina cha juu na cha chini huweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kuna kanuni moja ambayo wavuvi wanaijua kwa moyo na ambayo ingefaa ibandikwe katika kila chumba cha wageni. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa yapata saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni. Kwa hivyo, mtu akitazama mwezi tu usiku anaweza kukadiria siku yake itakuwaje. Anayetaka uhakika atafute jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari (KPA), au amuulize nahodha yeyote.

Hili si jambo la anasa. Watu hutembea kwa miguu hadi kwenye mafungu ya mchanga na kwenye mwamba asubuhi maji yakiwa yamekauka, wakasahau kwamba yatarudi. Maji yakijaa hupwa, husema methali, na yakipwa hujaa. Maji yanayorudi hayaanzii mbele yako. Huanza kwa kujaza mikondo iliyoko nyuma yako, baina yako na nchi kavu. Kanuni ya usalama ni kuanza kurejea ufuoni mara tu uonapo maji yamesimama kupwa, si yanapokufikia magotini. Vilevile, usiogelee katika mlango wa mwamba wakati maji yanapotoka, kwa kuwa mkondo wake humshinda hata mwogeleaji hodari.

Zaidi ya usalama, maji ndiyo yanayoamua kila ziara. Asubuhi ya bamvua ni ya kutembea juu ya miamba ukivaa viatu vya mpira, kutazama viti vya pweza na vidimbwi vya samaki wadogo. Jioni yake ni ya kuogelea. Maji mafu yanafaa kwa anayetaka kuogelea asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

KUSINI: DIANI HADI WASINI

Kaunti ya Kwale hufikiwa kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo humwepushia dereva foleni za feri. Ufuo wa Diani unafahamika kwa mchanga wake mweupe. Mtu mzima, hata hivyo, atazame pia juu mitini. Mbega weusi wenye mabega meupe wangali wanaishi katika mabaki ya msitu wa Diani, na juu ya barabara kumefungwa ngazi za kamba ili wavuke bila kugongwa na magari.

Kilomita chache kusini mwa Diani iko Kaya Kinondo. Makaya ya Wamijikenda ni misitu iliyozunguka makazi ya kale ya jamii hizo, na mwaka 2008 yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Kinondo, kaya ya Wadigo, hupokea wageni wakiongozwa na wenyeji. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Haruhusiwi kuchuma jani, kuokota kijiti wala kukumbatiana ndani ya msitu. Ni ziara ya mwendo wa polepole isiyohitaji nguvu nyingi, na aendaye kwa adabu hutoka akiwa na maarifa ya miti ya dawa asiyoweza kuyapata kwingine.

Ukisonga mbele utafika Gazi, kijiji cha wavuvi ambapo wanawake wamejenga daraja la mbao katikati ya mikoko. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, ambapo wakazi wa Gazi na Makongeni hulinda mikoko na kuuza haki za hewa ya kaboni, kisha fedha zikatumika kwa shule na maji. Ni mahali pazuri pa kula chakula cha mchana kilichopikwa na wenyeji. Uliza mapema, kwani hakipikwi bila ya agizo.

Mwisho wa barabara ni Shimoni, penye mapango yanayokumbukwa kwa kuwafungia watumwa kabla ya kusafirishwa. Kutoka hapo mashua huelekea Hifadhi ya Bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini. Pomboo huonekana mara nyingi katika mlango huu wa bahari. Kisiwani, kikundi cha wanawake hutunza daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe makavu ya kale, ambayo maji ya bamvua huyazunguka. Asiyeweza kuogelea asiogope kuja huku. Bustani hii huzuriwa bila ya kulowa.

Anayechoka na bahari apande Shimba Hills, hifadhi ya msitu iliyo juu ya kilima nyuma ya Kwale, ambako hewa ni baridi. Ndiko kuliko na palahala, swala mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya hapatikani kwingine.

MOMBASA: MJI WA KUTEMBEA KWA MIGUU

Wageni wengi huipita Mombasa wakielekea ufuoni. Ni kosa. Mji wa Kale unatosha siku nzima, na siku yake bora ni ile ambayo maji hayakufai kwa kuogelea.

Anza na Fort Jesus saa mbili asubuhi kabla ya jua kupanda. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Waingereza waliifanya jela hadi 1958. UNESCO iliitambua kama turathi ya dunia mwaka 2011. Ukuta wake ni wa matumbawe, na mtu akisimama pembeni mwa bahari ataona kwa nini kila mtawala aliitaka: hakuna chombo kilichoweza kuingia bandari ya kale bila kuonekana.

Kutoka hapo fuata Ndia Kuu. Tazama milango ya kuchonga, roshani za mbao na Msikiti wa Mandhry, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi ya mji huu. Msomaji wa fasihi akumbuke kwamba hapa ndipo alipoishi Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19 ambaye tungo zake zilitumika katika siasa za Wamazrui dhidi ya Zanzibar. Kutembea katika vichochoro hivi baada ya kusoma mashairi yake ni tofauti kabisa na kutembea bila kuyajua.

Jioni, elekea bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Familia za Mombasa huja hapa kupunga upepo, kula muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, kachri na madafu, huku meli zikipita mlangoni mwa bandari ya Kilindini.

KASKAZINI: MTWAPA HADI MALINDI

Barabara ya kwenda Malindi, takriban kilomita 120, inafaa ikatwe kwa siku mbili. Karibu na Mtwapa kuna Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14 na 15 yaliyo ukingoni kabisa mwa bahari. Watu hawajai hapa. Mtu anaweza kuketi chini ya mbuyu karibu na msikiti wa kale na kusikia mawimbi tu.

Kilifi, ambako daraja lilifunguliwa mwaka 1991 na kuondoa haja ya feri, kuna magofu ya Mnarani juu ya genge. Hori la Kilifi hutazamwa vyema kutoka hapo jua linapozama.

Watamu na viunga vyake vyastahili siku tatu. Gede, mji uliostawi kuanzia karne ya 12 au 13 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, umo katikati ya msitu. Humo mna jumba la kifalme, msikiti mkuu, visima na makaburi ya nguzo. Vipande vya kauri kutoka Uchina vilivyochimbuliwa humo vyathibitisha biashara ya mbali. Wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu sababu za mji kuhamwa: wengine hutaja uhaba wa maji, wengine vita, wengine mabadiliko ya biashara baada ya Wareno kuja. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya turathi za dunia. Papo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao ng'ambo badala ya kukata miti.

Msitu wenyewe ni Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420. Ndio msitu mkubwa zaidi uliosalia wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndimo aishimo bundi mdogo wa Sokoke na panya mrefu wa pua wenye matako ya rangi ya dhahabu. Ingia alfajiri na mwongoza watalii. Ifikapo saa nne asubuhi ndege huwa wamenyamaza.

Hori la Mida ni la wapenda ndege. Maji yanapopwa, tope hufunuka na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hujaa kula, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Yanapoanza kujaa, ndege husogezwa karibu na daraja la kamba lililojengwa na wenyeji katika mikoko. Basi fika saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae kimya.

Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968 na ndizo za kwanza nchini Kenya. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation huwatibu kasa waliojeruhiwa au kunaswa nyavuni, na wageni huruhusiwa kuwaona.

Malindi ni mji wa kupumzikia zaidi ya kutazamia. Nguzo ya Vasco da Gama yakumbusha kufika kwa baharia huyo Mreno mwaka 1498 na jinsi mfalme wa Malindi alivyompokea baada ya Mombasa kumkataa. Alasiri moja iwe ya Marafa, bonde lililomomonyoka likaacha minara ya udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, ambalo Wagiriama huliita Nyari. Usiende mchana; joto ni kali. Fika saa kumi ili uone rangi zikigeuka jua linapotua.

LAMU: KISIWA CHA SUBIRA

Lamu haimfai mwenye haraka. Mji wake wa kale, unaokaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001. Vichochoro ni vyembamba na punda wangali ndio wabebaji wa mizigo. Anayefika kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda na kuvuka kwa mashua. Anayefika kwa barabara huvukia Mokowe. Kwa kuwa njia ya barabara imewahi kukumbwa na mashambulizi, msafiri aulize kwanza hali ya usalama na afuate maagizo ya polisi kuhusu saa za kusafiri.

Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, na jumba la makavazi lililo mbele ya bahari vyatosha asubuhi moja. Alasiri tembea kwa miguu au panda mashua hadi Shela. Vilima vya mchanga nyuma ya kijiji hicho ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya kisiwa, na kwa hivyo vita vya kuvilinda visijengwe ni vita vya uhai wa mji.

Magofu ya Takwa, upande wa pili wa Manda, ndiyo mfano bora wa kanuni ya maji. Mashua huyafikia kwa kupitia mkono wa bahari ulio ndani ya mikoko, na mkono huo hupitika maji yakiwa yamejaa pekee. Ukikawia, utangoja hadi yajae tena. Muulize nahodha saa ya kuondoka na saa ya kurejea, na umtii.

Mwenye siku za ziada aende Pate na Siyu. Siyu palikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, na kisiwa hiki cha Pate ndicho kilichotupa Mwana Kupona, mtunzi wa utendi maarufu wa karne ya 19. Utenzi wa Al-Inkishafi, wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ulitungwa kwa kuyatafakari magofu ya Pate. Usomwe kabla ya kwenda.

Maulidi ya Lamu hufanyika katika Mfungo Sita na kukusanya waumini kutoka pwani nzima katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Malazi hujaa, agiza mapema.

MEZA NA BARAZA

Chakula cha Pwani hakikai vyema katika sinia la hotelini ambapo kila kitu kimepozwa. Asubuhi tafuta mahamri na mbaazi za nazi kwenye mikahawa midogo. Mchana, samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, au biriani siku ya Ijumaa. Magharibi, mishkaki, viazi karai na mkate wa mofa. Usiku, kahawa tungu kwa kashata au halwa, barazani, pembeni mwa wachezaji wa bao. Mchezo huo hujifunzwa kwa kutazama. Atakayeketi kimya kwa nusu saa ataitwa acheze.

Wakati wa Ramadhani, mikahawa mingi ya miji ya kale hufungwa mchana. Mgeni asile wala kuvuta sigara hadharani. Fidia yake huja baada ya magharibi, wakati barabara hujaa vyakula ambavyo miezi mingine huvioni.

ADABU NA SHERIA

Ufuo si mali ya hoteli. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inatamka kwamba ardhi iliyo baina ya maji ya kujaa na maji ya kupwa ni ardhi ya umma. Mwananchi ana haki ya kutembea hapo. Haki hiyo ina wajibu wake. Tangu Juni 5, 2020, chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja vimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fuo zinazolindwa. Usiokote kombe wala tumbawe, usikanyage matumbawe hai, wala usimguse kasa anayetaga.

Mavazi ya kuogelea ni ya ufuoni. Unapoingia mjini, jisitiri mabega na magoti. Msalimie mtu kabla ya kumuuliza njia, na umwombe ruhusa kabla ya kumpiga picha. Mavuvi yakiwa hafifu, fedha ya mwongozaji, ya nahodha na ya mama muuza mahamri ndiyo inayosomesha watoto. Kubalianeni bei kabla ya safari, kisha ilipe bila ya kunung'unika.

USAFIRI, AFYA NA MFUKO

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, huchukua takriban saa tano hadi sita kutoka Nairobi. Nauli ilipandishwa Januari 2024, daraja la kawaida likawa Sh1,500 na la kwanza Sh4,500. Hakikisha kiwango cha sasa kabla ya kukata tikiti, na ukate mapema. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao wala si kwa fedha taslimu, kwa hivyo simu yako iwe na chaji.

Malaria ingali ipo Pwani. Lala ndani ya chandarua. Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za siku zote pamoja na za akiba, na azikinge na joto. Kunywa maji hata usipohisi kiu, na ukae kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa. Kwenye mashua, vaa jaketi la kujiokolea hata kama nahodha havai.

RATIBA YA SIKU SITA

Kwa anayetaka mfano, chukulia kwamba umefika Mombasa mwezi ukiwa mpevu, yaani siku za bamvua.

Siku ya kwanza: Mji wa Kale na Fort Jesus, jioni Mama Ngina.

Siku ya pili: Safari ya Watamu kupitia Jumba la Mtwana na Mnarani. Fika kabla ya magharibi.

Siku ya tatu: Saa nne asubuhi tembea miambani na mtu anayeijua, alasiri maji yamejaa, ogelea.

Siku ya nne: Alfajiri Arabuko-Sokoke, kisha Gede.

Siku ya tano: Pumzika asubuhi, alasiri ndege wa Mida, maji yanapojaa.

Siku ya sita: Malindi na Marafa, kisha kurudi.

Ukifika mwezi ukiwa nusu, ogelea asubuhi na uyaache matembezi ya miambani kwa safari nyingine.

Ratiba hii haihitaji hoteli ya kifahari. Nyumba ya wageni iliyo safi, yenye chandarua na feni, yatosha. Kabla ya kulipia chumba chochote, tazama kalenda ya mwezi, ujue utakuta bamvua au maji mafu, na uulize ni pepo gani zinazovuma. Mwenye nyumba akiweza kukujibu bila kubahatisha, basi huenda umepata mwenyeji wa kweli.